Kwa Niaba ya Hamira

Mteja alikuwa amekaa sebuleni, kichwa kimezama ndani ya draya, rola zimejaa nywele nzima, masikio hayasikii kitu. Mke mwenye nyumba, msusi, alikuwa jikoni akiosha vitana. Mume akaingia kutoka kazini, akageuka kufunga mlango, akaita kama alivyokuwa akiita tangu ajali ile ya kiwandani.

"Mikono!"

"Nje," mkewe akajibu kutoka jikoni.

Mteja, aliyekuwa karibu na mlango na ndiye aliyepaswa kuitika, hakujibu. Angejibu nini, na nani aliyemwambia kuna swali? Mume akasubiri huku ameshika kitasa. Akaita tena. Jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso. Mlango ulikuwa wazi, wapita njia walikuwa na macho, na mtaa ule haujawahi kupitwa na jambo. Mwishowe mke akatoka jikoni mikono inachuruzika maji, akainua draya, akamwinamia mteja.

"Dada, naomba useme 'nje'."

"Nje ya wapi?"

"Sema tu, mpenzi. Nitakupunguzia bei."

Mteja akasema, mlango ukafungwa. Punguzo lile halikununua ukimya. Jua halijazama, watoto wa majirani walikuwa wakifunga milango yao kwa kuitikiana mikono, nje, mikono, nje, na kucheka hadi wanakaa chini.

Msusi hakucheka. Alimsubiri mteja aondoke, akakunja taulo zake moja moja, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Kesho naenda kituo cha afya kukuandikisha kwa mshauri nasaha. Usinijibu sasa hivi."

"Mimi si kichaa."

"Sijasema wewe kichaa. Nimesema usinijibu."

*

Tuseme kweli, ukoo wa mume yule una majivuno, na sehemu kubwa ya majivuno hayo ilimwegemea mtu huyu. Kwenye kiwanda cha mikate walimwita Hamira, kwa sababu unga ukipita mikononi mwake lazima uumuke, mvua inyeshe, umeme uyumbe. Alikuwa mkuu wa wakandaji. Yeye ndiye aliyewafundisha wageni wote kanuni ya mashine ya kukandia: anayeshika swichi anaita "Mikono!", aliye karibu na beseni anaitika "Nje!", na bila kuitikiwa swichi haiguswi, hata tajiri mwenyewe awe amesimama pale akitazama saa.

Kisha mashine ikachukua vidole vya Mrefu, mmoja wa wakandaji wake. Mrefu alikuwa ameinama akikwangua unga uliogandia kwenye beseni, mkono wa kulia umo ndani, na Hamira akabonyeza swichi. Kwenye uchunguzi wa kiwanda Mrefu alisema hakusikia mtu kuita. Wenzake wakatazamana, wakasema, lakini Hamira huita siku zote. Na Hamira alipoulizwa, hakujibu yeye. Alijibu kaka yake.

Kaka yake ni Kipaza, na jina hilo alilipata kihalali. Alinadi mali za watu mnadani mpaka alipostaafu, na koo lake halikustaafu naye. Katika familia ile jambo zito halisemwi na mwenye nalo. Posa, msiba, ugomvi wa mpaka wa kiwanja, mtoto kufukuzwa shule, huitwa Kipaza, anavaa koti, anakohoa mara moja, anasema, na mambo yanakwisha. Mbele ya msimamizi wa kiwanda alisimama akasema, "Mdogo wangu huita siku zote. Asiyeitika ndiye ajiulize." Hamira alikuwa amekaa pembeni akitazama viatu vyake. Basi ikaamuliwa kwamba Mrefu hakuitika, kosa ni lake, na fidia yake ikafia hapo.

Ukweli, ambao Hamira hakuwa amemwambia hata mkewe, ni kwamba siku ile hakuita. Alikuwa na haraka. Unga mwingine ulikuwa unangoja, na yeye alipenda zamu inayofuata ikiingia ikute kazi imekwisha na isifu. Neno moja halikutoka kinywani. Tangu hapo hakuigusa swichi tena. Mkono ulikuwa unafika karibu nayo na kukataa. Wakamhamishia meza ya kufungasha, akawa anatia mikate mifukoni pamoja na vibarua ambao yeye mwenyewe aliwafundisha kufunga aproni. Huko hakuita kitu. Alikuja kuitia nyumbani.

*

"Nani atamsemea?" Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la Kipaza alipopata habari za mshauri.

"Shemeji, huko mtu anajisemea mwenyewe," msusi alisema.

"Hakuna mahali mtu anajisemea mwenyewe. Hata mahakamani kuna wakili."

Msusi alijua vita vya kupigana na vya kuacha. Akapiga pasi shati la mumewe lile jeupe, akawaangalia wawili hao wakiondoka, mmoja amenyamaza na mwingine amevaa koti.

Bahati mbaya benchi la mshauri lilikuwa moja na benchi la kliniki ya macho, na juu yake alikuwa amekaa jirani yao, pamba imebandikwa jicho moja. Lile zima lilitosha kuwaona.

"Na nyinyi mmekuja macho?"

"Macho," Kipaza alijibu.

"Wote wawili?"

"Ni ya ukoo," Kipaza akasema, akamgeuzia mgongo. Hamira alitamani sakafu immeze.

Ndani hapakuwa kama alivyofikiria. Alitegemea kitanda, sindano, mtu wa koti jeupe atakayemwambia atoe ulimi. Alikuta viti, meza ndogo yenye karatasi laini za kufutia uso, feni inayolalamika, na mwanamke wa umri wa mdogo wao wa mwisho, viatu vya kawaida, nywele zimesukwa. Hamira, mume wa msusi, aliona kwamba zimesukwa vizuri.

Kabla hawajakaa sawasawa, Kipaza alikohoa mara moja.

"Mshauri, unayemwona mbele yako ni mkuu wa wakandaji, mtu ambaye mkate wake unaliwa na mji huu tangu wewe hujaanza shule. Katika ukoo wetu hakuna mgonjwa wa akili, hajakuwapo. Mdogo wangu alipata mshtuko kwa uzembe wa mwenzake. Yeye aliita, mwenzake hakuitika. Tunaomba dawa ya usingizi na barua ya kumrudisha kwenye nafasi yake. Nimemaliza."

Mshauri alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. "Ahsante, mzee. Umesema ukaeleweka." Akamgeukia Hamira. "Na wewe?"

"Kaka amemaliza."

"Ya kaka yameisha. Ya kwako je?"

Hamira akamtazama kaka yake. Mtu mzima yule, baba wa watu, hakuwa amewahi kuulizwa swali hilo, na hakujua jibu lake hukaa wapi.

"Mzee," mshauri akasema, "nitakuomba utuachie chumba. Hapo nje pana kiti."

"Binti yangu, mimi nimesema mbele ya wakubwa."

"Naamini, mzee. Na huyu nataka nimsikie."

Kipaza alisimama polepole, akavuta koti lake likae sawa, akatoka. Heshima yake ilikuwa imeguswa mahali ambapo haikuwa na kinga. Mshauri akainuka kufunga mlango.

"Mikono!" Hamira akaita, na papo hapo akatamani kulimeza neno lake.

Mshauri akasimama, mkono juu ya kitasa. Hakucheka. "Huwa wanajibu nini?"

"Nje."

"Nje," akasema, akafunga.

Alipokaa, alizungumza bila haraka. "Nikueleze mambo ya hapa, maana wengi huja na hofu za bure. Leo tunafahamiana tu. Utakachosema kinabaki humu. Kaka yako hatakipata, mkeo hatakipata, kiwanda hakitakipata. Isipokuwa nikiona unataka kujidhuru au kumdhuru mtu, hapo nitatafuta msaada, na nitakwambia. Dawa sitoi. Ikihitajika nitakuelekeza kwa daktari. Tutaonana kila wiki, kama saa moja hivi. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukiona mimi na wewe hatuelewani, unaruhusiwa kutafuta mshauri mwingine, sitanuna. Na nikuonye mapema, unaweza kutoka hapa ukajisikia vibaya kuliko ulivyoingia."

"Sasa faida yake nini?"

"Tutaiona pamoja. Nikikuahidi leo nitakuwa nakudanganya."

Hamira hajawahi kumwahidi mtu mkate ambao haujatoka kwenye tanuri. Jibu lile hakulipenda, ila aliliheshimu.

"Na nisingejibu pale mlangoni?" mshauri akauliza.

"Tusingefunga."

"Hata tukichelewa?"

"Hata tukichelewa. Ndiyo kanuni."

"Nani alikufundisha?"

"Mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu," Hamira alisema, kifua kikapanda kidogo. Halafu uso ukamshuka, akatazama viatu vyake, na mpaka muda ulipokwisha hakusema lingine.

Nje Kipaza alikuwa amekaa kwenye benchi peke yake. "Umemwambia nini?"

"Hakuna."

"Basi tumepoteza nauli."

*

"Vipi?" msusi aliuliza Hamira alipofika nyumbani.

"Amenikalisha kitini tu."

"Utarudi?"

"Kaka anasema..."

"Sijamuuliza shemeji."

Hamira alivua shati jeupe, akalitundika vizuri ili lisikunjamane. "Nitarudi," akasema.

Alirudi. Kipaza alimsindikiza kila mara, kwa kuwa kuacha kumsindikiza kungekuwa kukubali kwamba ameshindwa, na kila mara alibaki benchini. Alizoeana na wagonjwa wa macho. Nyuma ya mlango, mdogo wake alizungumza kwanza habari za unga. Alieleza namna unavyoumuka, namna mtu anavyoujua kwa kuubonyeza kwa kidole, namna wenzake walivyonyamaza alipokaa meza ya kufungasha. Kuna wiki alilia, akakasirika kwamba amelia, akaapa njiani kwamba hatarudi. Wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Na siku moja, katikati ya sentensi nyingine kabisa, akasema, "Sikuita."

Mshauri akamtazama.

"Siku ile. Watu wote wanasema niliita. Sikuita."

Hamira alingoja mshauri ashtuke, au ainuke, au amwambie jambo la kumpasua. Feni iliendelea kulalamika. Mshauri alisema tu, "Umelibeba hilo muda mrefu, tena peke yako," na Hamira akahisi mabega yake yanashuka kama mtu aliyetua gunia.

"Sasa niambie nifanye nini."

"Wewe unataka kufanya nini?"

"Nataka uniamrishe."

"Nikikuamrisha, na mimi nitakuwa nimekusemea."

"Nikisema, cheo kimekwenda. Labda na kazi yenyewe."

"Inawezekana."

"Hata kunifariji kidogo hutaki?"

"Natamani sana. Lakini sijui watafanya nini, na wewe hujui. Usiposema je?"

Swali hilo Hamira hakuliogopa. Jibu lake alikuwa akiishi nalo. "Nitaendelea kufunga milango hivi hivi mpaka nife," akasema.

*

Alimwambia mkewe kwanza, msusi akiwa anapanga rola kwenye kopo. Rola zikabaki mkononi.

"Mrefu anakula kwa mkono upi siku hizi?" akauliza.

"Sijui. Sijaenda kwake."

"Hujaenda?"

"Alikwenda kaka."

Msusi akaketi. Mtu mwingine angepiga kelele, na alikuwa na haki. Yeye alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kisha akasema, "Unaogopa, na bado umenitamkia. Leo nimekuona," na kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kurembesha maneno, Hamira alijua hakuwa akirembesha.

Kwa Kipaza haikuwa rahisi. Alisikiliza akiwa amesimama, na ilipofika mwisho akatafuta kiti kwa mkono kabla ya kukiona.

"Ulinifanya niseme uongo mbele ya watu."

"Hukuniuliza, kaka. Ulijibu."

"Ungenikanya pale pale!"

"Ningekukanya vipi? Katika maisha yetu nani amewahi kukukanya?"

Kipaza alitazama ukutani, alitazama koti lake lililotundikwa, na alipopata sauti ilikuwa ndogo kuliko walivyoizoea. "Nilimwambia yule bwana, nyumbani kwake, bandeji bado mbichi, kwamba masikio ni mali, ayatunze. Nilimpelekea na matunda." Akafuta uso kwa kiganja. "Sawa. Kesho twende. Nitasema hivi. Nitaanza na ubinadamu, kwamba hakuna asiyekosea, halafu..."

"Kaka."

"...halafu niingie kwenye jambo lenyewe taratibu."

"Kaka. Nisindikize. Lakini usiseme."

*

Mrefu alikuwa anaishi chumba kimoja, mlango wa mwisho kwenye ua wenye bomba la maji la wote. Waliambiwa wapite. Walimkuta ameketi kitandani anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ameuweka pajani, umebakiwa na kidole gumba na nusu ya kile cha pili. Hakuwaambia wakae. Kipaza, kwa mazoea ya maisha yake yote, akakohoa mara moja.

"Mzee," Mrefu akasema bila kuinua macho, "kama umekuja kuhutubia, ile ya kwanza ilinitosha."

"Leo sisemi," Kipaza alijibu, na maneno hayo mawili yalimtoa jasho kuliko hotuba zake zote.

Hamira akasogea mbele. Alikuwa ameyapanga njiani, na yote yalikuwa yamempotea.

"Mrefu. Mimi... siku ile. Wewe ulisema hukusikia." Akameza mate. "Hukusikia kwa sababu sikuita. Nilikuwa na haraka. Sikuita, nikabonyeza. Halafu nikaacha wewe ndiye uonekane mwongo."

Hakuwa na lingine. Si hotuba ya kusifiwa. Kipaza angeipamba, angeizungusha, angeimalizia kwa methali, na isingekuwa na thamani hata ya nusu yake.

Mrefu aliacha kifungo. "Najua hukuita," akasema. "Nilikuwa pale." "Lakini mlisema wote kwa pamoja. Hamira huita siku zote, Hamira huita siku zote. Mwisho na mimi nikaingia shaka. Nilikwenda kupimwa masikio, unajua? Nimekaa kwenye foleni, mkono umefungwa, napimwa masikio. Wakaniambia ni mazima. Nikarudi, nikamwambia mke wangu ni mazima, naye akanyamaza. Kile kimya chake kiliniuma kuliko vidole."

Hamira hakujitetea. Machozi yalimshuka akayaacha yashuke. "Kesho naenda kwa msimamizi," akasema. "Nitamwambia hivi hivi nilivyokwambia. Fidia yako ni haki yako."

"Watakufukuza."

"Huenda."

"Na atakusemea nani?" Mrefu akamtupia Kipaza jicho.

"Mimi mwenyewe."

Mrefu akatikisa kichwa taratibu. "Nikwambie kitu. Sikusamehe leo. Usije ukanikimbiza."

"Sikukimbizi. Nitasubiri."

Kipaza alikuwa amesimama karibu na mlango, midomo ameibana. Yule mtoto aliyekuwa akijificha nyuma yake kila lilipotokea jambo, leo alikuwa amesimama mbele yake, anatetemeka, na hajarudi nyuma hata hatua. Mnadi yule wa mnada, aliyeuza nyumba za watu na magari yao kwa kinywa tu, aliona fahari ambayo hakuipata siku yoyote akiwa juu ya jukwaa, na kwa mara ya kwanza hakuona haja ya kuitangaza.

Wakaaga. Wakatoka chumbani. Hamira akageuka kufunga mlango, na mkono wake ukasimama juu ya kitasa kama ulivyozoea.

"Mikono," akaita. Hakuita kwa nguvu.

Ndani hapakujibiwa kitu. Bomba la uani lilikuwa linadondosha matone kwenye ndoo ya mtu. Kipaza akafungua kinywa amjibie, akakifunga. Hamira hakuita mara ya pili. Alisimama pale, mlango uko wazi, macho yake kwa Mrefu, akasubiri.

Mrefu alimalizia kifungo cha mwisho. Akauinua juu mkono wa kulia kutoka pajani, na vidole vilivyobaki, wauone wote wawili.

"Nje," akasema.

Hamira akafunga mlango.